Chui Aliyeachwa na Mshale Pajani

Alikuwapo Sultani Shamhani wa mji wa Mwandeo, mwenye majumba ya mawe na farasi wa Shamu, na Mungu ndiye ajuaye waliomtangulia. Alipenda kuwinda kuliko kula, na kulenga, nisiwafiche, hakukujua hata kidogo! Basi ikawa dasturi ya mji ule, Sultani avutapo upinde mbele, msasi wake Famau huvuta nyuma yake, na mnyama akianguka wazee wa baraza hupiga ukelele, "Mkono wa Sultani!" na Famau hunyamaza akapewa kitambaa cha hariri.

Siku moja akatokea chui jike, mkubwa ajabu, na mishale miwili ikatoka pamoja, wa Sultani ukaingia mtini na wa Famau ukamwingia chui pajani, naye akatumbukia katika kichaka kizito cha miiba huku akivuja damu. Wazee wakapiga ukelele wao. Na sheria ya wasasi ni moja: aliyejeruhi ndiye amfuataye, asimwache mnyama na maumivu wala asiwaachie watu hatari. Lakini Famau angemfuataje bila kukiri kuwa mshale ni wake? Sultani naye akasema njaa inamuuma. Wakarudi mjini kula pilau, wote wawili, na kichaka wakakipa kisogo.

Famau alikuwa amemposa Mwana Zena, binti wa mfua fedha, na harusi ilikuwa Ijumaa. Kesho yake Zena akaamka hawezi kusimama, pajani ana tundu la mshale na mshale wenyewe haupo, na damu haikomi. Wakaja waganga na makombe na mafusho yao, wakashindwa. Mama yake Zena akamkazia macho Famau, akamwambia, "Baba, tundu hili wewe walijua lilikotoka. Nenda, mwanangu anakwisha."

Alhamisi asubuhi Famau akaingia kichakani, kisu mkononi, na jambo la kwanza lililomtisha ni kwamba damu ya siku nne ilikuwa ingali mbichi juu ya majani, ya moto kidoleni. Hapakuwa na ndege wala nzi. Akaifuata akiinama, akaona chui alipolala, alipojilamba, alipoinuka tena, hata adhuhuri akakuta nyayo za mtu matopeni. Akazitazama vizuri. Zilikuwa zake mwenyewe, na juu yake zimekanyaga nyayo za chui! Lahaula! Chui aliyejeruhiwa huzunguka akamwinda amwindaye, na huyu alikuwa nyuma yake tangu asubuhi.

Akasikia mtu akiugua, na sauti ni ya Zena. Akageuka. Chui alikuwa amelala hatua tatu kutoka kwake, mshale pajani, na sauti ya Zena inatoka kinywani mwake, ikasema, "Ewe mwanadamu, ni nani aliyenipiga?"

Ulimi una mazoea, jamani! Famau akajibu, "Mkono wa Sultani."

Palepale damu ikabubujika, na kilio cha Zena kikajaa kichaka kizima hata Famau akaanguka kifudifudi akilia, "Ni mimi! Ni mimi, nisamehe!"

"Mimi ni katika majini wa ardhi hii," ikasema sauti, "wala sina haja ya damu yako. Nimekungoja siku nne. Lakini hapa hakuna akusikiaye ila miiba. Kawaambie waliousikia uongo kabla jua halijatua, ama tutakufa sote wawili, mimi na yule mwanamwali."

Famau akakimbia hata barazani, nguo zimechanika, akapiga magoti, akasema, "Bwana wangu mtukufu, mshale uliompiga chui ni wangu, na mishale yote ya kabla yake ilikuwa yangu."

Waziri akapiga kelele, "Akatwe kichwa, mtovu wa adabu!" na Sultani, uso umemwiva kwa hasira, akainua mkono, na upanga ukatoka alani.

Mara walinzi wakatimka. Chui akaingia akichechemea juu ya mazulia, waziri akarukia dirishani, Sultani akaingia chini ya kiti chake, na chui akaenda akalala miguuni pa Famau. Famau akaushika mshale, akasema, "Bismillahi," akauvuta. Haukutoka na tone la damu. Chui akainuka, akaenda zake, na saa ileile jeraha la Zena likafunga.

Sultani akatambaa akatoka, vumbi kilembani. Akasema, "Famau, mimi nimejificha mbele ya watu wangu, nawe umesimama. Nikikuua leo, nitawatazamaje kesho?" Akampa nyumba ya ghorofa na mashamba matatu, na harusi ikafungwa Ijumaa, watu wakala siku saba.

Nanyi mnaonisikiliza, sifa mpeni mkubwa yeyote mtakaye, lakini jeraha lina mwenyewe. Mwana Zena alipona, ila mguu ule aliuburuta maisha yake yote, na kila mgeni alipouliza ni nani aliyemuumiza, hakupata kujibu hata siku moja, kwani mumewe alimtangulia akasema, "Mimi."