Mfarishi wa Manyoya ya Bata

Hapo zamani, si zile za sungura kumdanganya fisi, bali hizi ambazo watu walikuwa wameshaanza kusahau miamvuli yao vilabuni, palikuwa na kijiji cha mlimani chenye baridi ya kutia adabu. Huko maji ya kunawa uso humpiga mtu kofi, na jogoo huwika akiwa ndani, mlango umefungwa.

Juu ya kijiji kulikuwa na msitu, na ndani ya msitu mizinga ya nyuki. Warina asali walikuwa saba. Msimu ulipofika walipanda wakakaa huko siku nyingi, wakilala kwenye machela: kitambaa kigumu kinachofungwa kamba huku na huku, kikaning'inia kati ya miti miwili. Chini hapakulalika. Chini palikuwa na siafu, na siafu hawabishi hodi. Moto nao ulikatazwa hadi siku ya kurina, maana nyuki wakinusa moshi mapema huhama wakakuachia nta.

Mwaka huo mmoja wa wale saba aliacha kazi kwa sababu ya magoti. Machela moja ikabaki tupu. Aliyeitaka ilimpasa alale humo usiku tatu mfululizo, kisha ashuke kwa miguu yake. Na sharti lilikuwa moja, la tangu wazee: apande na malazi yake mwenyewe. Malazi ya kuazima hayapandi mlima.

Sekela aliitaka machela ile mpaka ikamkosesha hamu ya kula. Marehemu mama yake alikuwa mrina asali na aliacha mizinga kumi na miwili, kila mmoja umechongwa alama ya kidole gumba chake. Lakini mizinga haiguswi na asiye mmoja wa saba, na isipoguswa misimu mitano hupewa yeyote atakayejaza nafasi iliyo wazi. Huu ulikuwa msimu wa tano. Akikosa machela, atakuwa anainunua asali ya mama yake kwa mtu.

Sekela alikuwa fundi cherehani, tena fundi mwenye wasiwasi. Alipima kitambaa mara tatu, akakata, kisha akapima alichokata ili ajue kama mkasi haukumsaliti. Akashona mfarishi, tandiko nene la kulalia, akaujaza pamba ukawa mzito kama mbuzi aliyenyeshewa, akapanda nao. Kabla hakujapambazuka alikuwa ameshashuka, mgongo umekakamaa kama kibao cha chapati. Kijiji kikacheka wiki nzima.

"Dada Sekela, uliona nini huko juu?"

"Mgongo wangu," alijibu. "Sikujua kama ninao mkubwa hivyo."

Mkuu wa warina, Mama Subilaga, hakucheka. "Mtu hupanda mara mbili," alisema. "Ya tatu ni utani. Una miezi miwili, mwanangu."

Sekela akakaa akafikiri. Pamba ni nzito, na ukungu ukiingia humo hautoki. Ni nani basi analala kwenye maji baridi bila kulalamika? Bata. Akaenda kwa Lusajo mfuga bata, kijana mwenye bata arobaini na majigambo ya bata mia.

"Bata wangu hawachinjwi kwa ajili ya godoro," Lusajo alisema.

"Nani kasema uchinje? Nataka yale malaika, manyoya laini ya kifuani, yale bata mwenyewe anajinyofoa kutandikia kiota."

"Kiasi gani?"

"Magunia mawili."

"Mawili! Dada, unamfunika tembo?" Lakini Lusajo hakuwahi kuombwa kitu mbele ya watu akasema hana. Akaingia viotani siku kumi na nne, akaumwa vidole, akaumwa masikio, akaumwa pasipotajika. Akaleta magunia mawili.

Sekela akamwaga la pili, akaokota unyoya mmoja, akauinua kwenye mwanga. "Kaka Lusajo, huu ni wa kuku."

"Ni kuku aliyekaa na bata muda mrefu."

Akayachambua yote, moja moja, siku tisa.

Manyoya yakapatikana, kitambaa je? Kila shuka alilolijaribu lilivujisha malaika, na asubuhi alikuwa mweupe kichwani kama mama mkwe. Hapo ndipo alipoingia Bibi Tumpale, mwuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, mwanamke wa miaka sitini na mitano ambaye hakuwahi kumpisha mtu njiani.

"Shuka hilo linavuja kama mdomo wa shemeji yangu," alisema, akatupa furushi sakafuni. Ilikuwa miamvuli kumi na tisa. Wanywaji wake walikuja kilabuni kukiwa na mvua na kuondoka bila kujua kama inanyesha, na Bibi aliweka akiba. "Kitambaa cha mwamvuli kinazuia maji. Kinashindwaje na unyoya?"

Mwamvuli mmoja ni pembetatu nane. Sekela akafumua pembetatu mia moja hamsini na mbili, akazipanga kichwa kwa mkia, akaziunganisha zikawa vipande viwili virefu vyenye rangi zote za msiba na harusi. Mwamvuli mmoja ulikuwa na picha ya mgombea aliyewahi kuahidi barabara. Sekela alipima mara tatu ili akae mahali panapofaa, na mahali panapofaa palikuwa chini ya makalio.

Akashona kipande cha majaribio, uzi ukipita juu hadi chini. Akakiweka shavuni. Palipopita uzi, manyoya yalibanwa na baridi ikapita kama mgeni aliyealikwa. Akafumua. Akakata chandarua vipande vya upana wa vidole vinne, akavisimamisha katikati ya vile vitambaa viwili kama kuta za nyumba, vikawa vyumba kumi na kimoja. Sekela na Bibi wakajaza kila chumba kwa konzi zilizohesabiwa, wameketi ndani ya chandarua kingine kilichofungwa pande zote, bila kuongea, bila kucheka, pumzi zikipita puani. Siku ya nne Bibi Tumpale alipiga chafya. Walianza chumba cha saba upya.

Siku ya kupanda ikafika. Mfarishi ulijaa kama mkate, na uzito wake ulikuwa wa kitoto cha paka. Sekela akaufunga mgongoni, akapanda, akautandika ndani ya machela, akaulalia. Akaganda.

Akaganda vilevile kama mara ya kwanza, isipokuwa sasa aliganda kwa gharama kubwa zaidi. Alihesabu mishono kichwani hadi alfajiri akitafuta kosa. Hakulipata. Hakushuka pia, kwa kuwa aliona aibu kuliko baridi.

Asubuhi Bibi Tumpale akapanda na viazi vya moto kwenye kikapu. Akaizunguka machela kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Kisha akacheka mpaka akashika mti.

"Mwanangu, umeyalalia manyoya kama kuku anayechukia mayai yake! Yamekufa hapo chini. Joto halimo kwenye unyoya, limo kwenye hewa iliyokaa kati ya manyoya, na wewe hewa yote umeitoa kwa makalio. Utoe nje. Ufunge uning'inie chini ya machela, ukukumbatie usikubebe."

Sekela alikuwa amepima kila kitu isipokuwa uzito wake mwenyewe. Akashona vitanzi kwenye pindo palepale, akapitisha kamba, akauning'iniza mfarishi nje, chini ya mgongo wake. Usiku wa pili alikoroma. Usiku wa tatu warina waliokuja kumkagua walimtikisa wakidhani amekufa, naye akawaomba dakika tano.

Akashuka kwa miguu yake. Kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika, na mbele kabisa alisimama Lusajo na kapu la mayai.

"Mama Subilaga," Lusajo alisema, "sharti linasema malazi yake mwenyewe. Haya si yake. Bila manyoya yangu hiyo ni miamvuli kumi na tisa. Na mimi sikutoa manyoya tu." Akaliinua kapu. "Niliviacha viota uchi. Mayai thelathini na saba yamepoa, hakuna hata kifaranga mmoja aliyetoka. Bata nilio nao ni vikongwe, hawatatamia tena. Yeye alilala na joto la watoto wa bata wangu. Machela ni yangu, na mizinga yake ni yangu, maana sina tena cha kufuga."

Sekela akayahesabu mayai kwa macho. Je, alimwambia Lusajo aache konzi moja katika kila kiota? Alidhani alimwambia. Hakuwa na hakika, na hili lilimuuma kuliko usiku ule wa kwanza.

Bibi Tumpale akajitokeza, mikono kiunoni. "Na mimi je? Miamvuli ya nani?"

"Yetu!" wakajibu wanywaji kutoka nyuma.

"Ninyi mlilewa. Kaeni," alisema Mama Subilaga, wakakaa.

"Mimi nilipanda mlima ule nikiwa na miaka kumi na tisa," Bibi akaendelea, na safari hii hakuwa na mzaha. "Nilishuka natetemeka, mkacheka, au wazazi wenu walicheka. Nimeufikiria mgongo wangu miaka arobaini na sita, kila siku nikikoroga ulanzi: baridi ilipita wapi? Jibu ni langu. Huyu mtoto alikuwa na manyoya, alikuwa na mishono, na alikuwa anakufa. Mfarishi uliotandikwa vibaya si malazi, ni mzigo. Nipeni machela kabla magoti yangu hayajajua."

Watu wakamgeukia Sekela.

"Manyoya ni ya Lusajo, sikatai. Miamvuli ni ya Bibi, au ya walevi. Kuning'iniza ni kwa Bibi, wala sikatai. Lakini hakuna uzi hata mmoja ambao haukupita mkononi mwangu. Nimefumua mara tatu. Niliganda usiku mmoja bila kushuka, na hilo hakuna aliyenisaidia. Na mizinga ile, Mama, ina kidole cha mama yangu."

Mama Subilaga akaomba kisu. "Basi tuukate mfarishi vipande vitatu," alisema, akimtazama Sekela usoni, maana kila mtu amesikia kwamba mwenye mali halisi hupiga kelele kisu kikishuka.

Lusajo akapiga kelele. Bibi Tumpale akapiga kelele, na matusi juu yake. Sekela akasogea, akaweka kidole juu ya mfarishi.

"Ukikata, kata hapa kwenye ukuta wa chandarua," alisema. "Usikate katikati ya chumba, manyoya yatamwagika. Na vyumba ni kumi na kimoja, havigawanyiki kwa tatu. Nipeni siku mbili niongeze kimoja."

Kisu kikabaki hewani. Wengine walisema huyo hana uchungu na mfarishi. Wengine walisema huyo peke yake ndiye anaujua. Mama Subilaga alirudisha kisu jikoni, akasema alfajiri warina wanapanda, na hawapandi sita.

Haya, ninyi mnaonisikiliza mkiwa mmejifunika vizuri: mmoja alitoa joto akapoteza vifaranga, ingawa alichanganya na kuku. Mmoja alitoa akili ya miaka arobaini na sita na miamvuli isiyo yake. Mmoja alitoa mikono yake na usiku mmoja wa kuganda, na pengine alisahau kusema neno moja kuhusu viota. Machela ni moja, mizinga ni kumi na miwili, na kunakaribia kupambazuka. Je, mnampandisha nani?