Zamu Iliyopita

Mtu mmoja alikuwa na maji ya wenzake mikononi na mwili uliomshinda kuubeba. Jina lake Mbonea, na huko milimani Upareni ndiye aliyekuwa mgawa maji wa ndiva, lile bwawa dogo la udongo linalokusanya maji ya mfereji ili mashamba ya chini yapate kwa zamu, kila shamba siku yake katika juma. Alikuwa mtu wa haki, na mtu wa kula. Magoti yalipoanza kumsumbua, aliacha kupanda hadi banioni, kule juu mfereji unakoanzia, akawa anagawa maji asiyoyaona yanakotoka. Hilo lilimuuma kuliko magoti yenyewe. Tena msaragambo wa kusafisha mfereji ulikuwa njiani, kazi ya kijiji kizima, na mgawa maji ndiye huwatangulia watu hadi banioni. Asiyeweza kutangulia humwachia mwingine jembe la uongozi.

Daktari wa hospitali ya wilaya alimpima, akamuuliza magonjwa ya ukoo wao, kisha akamwandikia sindano ya kupunguza unene, ya kujichoma tumboni mara moja kwa juma, siku ileile. Alimweleza kwamba dawa hiyo haiyeyushi mafuta. Hulichelewesha tumbo kumwaga chakula, na huupelekea ubongo habari mapema kwamba mwenyewe ameshiba. Mbonea akatabasamu. Akasema basi ni kama tundu la ndiva limezibwa kidogo, maji yanatoka polepole, shamba linakaa na unyevu. Daktari akasema naam, na kwa sababu hiyo wataanza na dozi ndogo na kuipandisha taratibu. Ale kidogo lakini ale vizuri, mayai na maharage yasikosekane. Anywe maji. Asimpe mtu mwingine sindano yake. Na siku yake ikimpita kabisa, aiache, achome ya juma linalofuata. Asichome mbili pamoja hata iweje.

Mambo yakaenda. Palikuwa na kichefuchefu cha hapa na pale, ugali ukawa unabaki sahanini, na mkanda wa suruali ukaanza kutafuta tundu jipya. Mkewe Nakijwa akaanza kumtania kwamba ameolewa na kijana.

Kisha ukatokea msiba kwa ndugu, mbali. Mbonea akaenda na kukaa huko, sindano ikabaki nyumbani kwenye friji. Aliporudi, zamu ya juma moja ilikuwa imempita na ya pili imefika, na msaragambo umekaribia. Siku hiyohiyo alikuja jirani yake Kiangi, aliyekuwa msibani pamoja naye na kukosa maji kwa ajili hiyo, akaomba afunguliwe ya zamu mbili. Mbonea alikataa katakata. Alimwambia zamu iliyopita imepita, na kwamba maji mengi kwenye udongo mkavu hayanyweshi shamba, yanalibeba. Kiangi akaondoka amenuna. Mbonea akaingia ndani, akafunga mlango, akajichoma sindano mbili.

Kesho yake hakuna kilichokaa tumboni, si uji wala maji. Alitapika hadi akaona kizunguzungu, na bado akasingizia samaki wa msibani, maana aibu ilimshika kuliko ugonjwa. Nakijwa hakubishana. Alikwenda kwenye kopo la sindano zilizotumika, akatazama ndani, akakuta mbili zimeongezeka, akarudi akasimama mlangoni akiwa nalo mkononi.

"Baba Niwaeli," alisema, "Kiangi umemnyima zamu mbili. Wewe nani kakufungulia?"

Mbonea akakubali kupelekwa hospitali. Njia nzima aliogopa, wala hakuwa akiwaza jembe tena, alitaka tu kurudi nyumbani akiwa hai. Walimtundikia dripu, wakampima kongosho, maana dawa hiyo yaweza kulidhuru, na majibu yalipokuja daktari akasema hakuna kilichoharibika, ni maji tu yamemwishia mwilini. Mtu mzima yule akalia mbele ya watu, Nakijwa akamwacha alie.

Sindano ilisimamishwa kwanza, kisha ikaanza upya kwa ile dozi ndogo ya mwanzo. Mbonea mwenyewe alikwenda kwa Kiangi, akamsimulia kila kitu bila kuficha, akamwomba awatangulie watu mwaka ule. Kiangi alicheka sana, tena kwa haki yake. Akalichukua jembe, na kazi ilipokwisha akalirudisha kwa mwenyewe.

Mwaka uliofuata Mbonea alipanda hadi banioni kwa miguu yake, akipumzika alipochoka, na watu nyuma yake wakimngoja. Alipofika alivua viatu, akatia miguu kwenye maji, akakaa hapo kwa furaha.

Basi niambieni, ninyi mnaonisikiliza: mbona mtu hulionea huruma shamba la jirani, na mwili wake asiuonee?