Wimbo Aliouomba Kenge

Hadithi inabisha hodi.

— Ipite, mkeka upo.

Inabisha tena, haiko peke yake.

— Ipite na wenzake.

Basi kaeni vizuri. Aliyepakata mtoto asimwondoe. Mtoto naye asikie.

Palikuwa na sange. Sange ni mnyama mdogo, umbo kama la panya, pua ndefu kama mrija, na miguu ya nyuma yenye nguvu. Huyu aliitwa Bi Sange. Alikaa kichakani na watoto wake wawili, Kombo na mdogo wake Mize, ambao walikuwa wameanza kutembea juzijuzi tu. Mumewe hakuwepo. Kipanga alimchukua asubuhi moja akiwa anafagia njia. Bi Sange alisema kama wasemavyo wafiwa wote, kwamba Mungu alitoa na Mungu ametwaa. Alisema hivyo, akalia. Kisha akaishika kazi ya mumewe, maana majani hayakuacha kuanguka njiani.

Masange hufagia njia zao. Jani likianguka, huliondoa. Njia ya kwa Bi Sange ilianzia kwenye kichuguu cha mchwa, ikapita chini ya nyasi ndefu. Kwanza mwiba. Kisha jiwe. Kisha shimo, na shimo hilo lilikuwa na mwenyewe, Mzee Nungunungu, ambaye hakupenda kuamshwa. Ng'ambo ya shimo ndiyo nyumba.

Watoto wale hawakujua moja wala mbili. Bi Sange hakuwaweka chini akawasomesha. Aliimba huku anafagia, na mguu wake ukapiga ardhi:

Fika mwiba, tuku.
Fika jiwe, tuku, tuku.
Fika shimo, tuku, tuku, tuku.
Lala.

Tuku moja ni mruko mmoja wa pembeni, mwiba umepitwa. Tuku mbili ni miruko miwili, jiwe limepitwa. Tuku tatu ni miruko mitatu kuuzunguka mdomo wa shimo, na mtoto yuko kwao. Wakila, aliimba. Wakioga vumbi, aliimba. Wakisinzia, aliimba polepole. Watoto walicheka, wakapiga na wao kwa vijiguu vyao.

Jirani yake, Bi Kobe, hakupendezwa.

"Bi Sange, matanga hayajaondolewa. Nyumba ya msiba unaigeuza ya ngoma?"

"Si ngoma, dada. Ni masomo."

"Masomo gani ya tuku tuku? Mtoto hufundishwa akishapata akili."

"Na hiyo akili ataipatia wapi, dada?"

Bi Kobe akaingiza kichwa ndani. Kwake huo ndio mwisho wa mazungumzo.

Sasa tuje kwa Kenge. Kenge alikuwa na nguvu, mkia wake mjeledi, na tumbo lake halikujua kusema limetosha. Alikula mayai ya kanga, akala na vifaranga, akamlaumu kanga kwa kutaga machache. Kwenye matanga ya marehemu alikula chakula cha wafiwa, akaomba na cha kubeba.

Siku moja alimkuta Bi Sange na watoto wake kwenye kichuguu, wanakula mchwa. Akajilaza, mkia wake ukapita kati ya mama na wanawe.

"Pole na msiba, shemeji."

"Tumeshapoa."

"Marehemu alikuwa kama ndugu yangu. Silali nikiwafikiria hawa yatima. Nimeamua kuwalea mwenyewe."

"Utawalea wapi?"

"Tumboni," akasema Kenge. Kisha akakohoa. "Nyumbani, nilitaka kusema. Hapo hapo kwenu, wasije wakaona ugeni."

Bi Sange aliutazama ulimi wake. Ulikuwa unatoka na kuingia, le, le, le. Akaelewa. Nyasini watoto walikuwa wamemponyoka Kenge zaidi ya mara moja, ndiyo maana aliitaka nyumba. Nyumbani angewapata wote, watoto, mama yao na akiba ya mchwa, sahani moja.

"Nyumba yenu iko wapi, shemeji? Nimekizunguka kichaka hiki mpaka kucha zimelika."

Bi Sange alikuwa mcha Mungu. Hakuwa na desturi ya kusema uongo, na hakutaka kuianza siku hiyo.

"Njia iko kwenye wimbo," akasema. Akaimba wimbo wote, na mguu ukapiga tuku zake zote.

Kenge akakunja uso. "Hizo tuku tuku ni za nini?"

"Ndizo wanazojifunzia watoto."

"Mimi si mtoto. Toa vitu vya watoto, nipe maneno."

"Hutaki hata tuku moja?"

"Shemeji, mimi ni mtu mzima, na nina njaa. Nina haraka, nilitaka kusema."

Bi Sange akampa alichoomba. Fika mwiba. Fika jiwe. Fika shimo. Lala.

"Ni hayo tu?" Kenge akacheka. "Na nyinyi kutwa mnaimba. Haya, watoto watangulie, mimi nyuma yao. Wewe malizia kula, utatukuta."

Kombo na Mize walimtazama mama yao. Hawakuwa wamepita njia ile bila yeye.

"Nendeni," akasema.

Wakaingia nyasini, puru. Kenge akafuata, kwara, kwara, kwara, akiimba maneno yake kwa sauti nene.

Bi Sange alibaki kichuguuni. Miguu yake ilitaka kupiga, kuwaongoza. Akaikandamiza chini, kwa sababu Kenge angesikia na angehesabu. Akamwachia Mungu, akatega sikio.

Tuku. Kombo amepita. Tuku, nyepesi zaidi. Mize amepita.

"Fika mwiba," akaimba Kenge, akaufikia kwa tumbo. Chwi.

"Maneno hayana kosa," akasema. "Mwiba ndio umeota vibaya."

Tuku, tuku. Tuku, tuku.

"Fika jiwe," akaimba Kenge, akalifikia kwa pua. Ko.

"Na jiwe nalo halina adabu."

Kisha pakawa kimya. Bi Sange alikijua kimya kile. Kilikuwa kama cha asubuhi ile aliposikia bawa, na baada ya bawa asisikie tena majani yakifagiwa. Akaanza dua, haikufika mwisho.

Tuku, tuku, tuku.

Huyo Kombo. Akangoja. Mize alikuwa mdogo, na ile ya tatu aliisahau mara kwa mara.

Tuku, tuku.

Bi Sange hakupumua.

Tuku.

"Fika shimo," akaimba Kenge. "Lala." Akaingia shimoni, kichwa, mabega, tumbo, akakwama nyonga.

"Nani?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mlezi wa yatima."

"Karibu," akasema Mzee Nungunungu, akamgeuzia mgongo. Chwaa.

Kenge alitoka kinyumenyume, uso mzima umejaa miiba, akakihama kichaka kile. Mpaka leo ukikutana naye haimbi. Anatoa ulimi tu.

Bi Sange akarudi kwake. Watoto walikuwa wamekaa mlangoni.

"Mama, baba mdogo yuko wapi?" akauliza Mize.

"Amefika shimo."

"Amelala?"

"Bado."

Akawashika miguu mmoja mmoja, akaikagua, akaipangusa vumbi.

Hadithi yangu inaaga.

— Iage salama, tumeshiba.

Anayetaka funzo achukue hili. Wazazi, msiwaimbie watoto nyumbani. Mtoto anayeimbiwa akila na akioga atajua moja, mbili, tatu kabla hajashonewa sare ya shule, na mwalimu atamfundisha nini? Ataijua njia ya kwao, na kina Kenge watakula nini? Kenge naye ni kiumbe wa Mungu, ana tumbo. Msipige makofi, msipige sufuria, msigonge sakafu kwa mguu. Nyumba ikae kimya kabisa, ili mgeni akija kutoa pole asipotee njia.