Kasuku na Maneno ya Kurumbiza

Ngano!
— Itoke!
Itoke nzima au nusu?
— Nzima!
Basi asinikatize mtu.

Hapo kale, ndege na wanyama walipokuwa wakisemezana, aliishi Kurumbiza, ndege mdogo mwenye maneno. Mtoto akizaliwa, huitwa yeye. Harusi ikiwepo, huitwa yeye. Msiba ukiingia, huitwa yeye. Akishanena, hukalishwa mkekani na kuwekewa sinia la kwanza.

Kasuku alikuwa mtini, akitazama. Roho ikamuuma. "Mkia mwekundu ninao mimi, sauti ninayo mimi, halafu sinia apewe kile kidude!" Wivu ukamnyima usingizi, ukamnyima chakula, mwisho ukamnyima haya.

Siku ya msiba kwa Nyani, akajificha majanini. Kurumbiza akanena: "Poleni, wafiwa. Aliyeondoka harudi. Lieni, machozi ni haki yenu." Watu wakalia, wakamkumbatia. Kasuku akayashika maneno yale yote, hakuangusha hata moja.

Kurumbiza akamwona. "Ndugu yangu, umeyapenda? Shuka nikueleze yanasemwa lini na kwa nini."

"Maneno nimeshayapata," Kasuku akajibu. "Maana kaa nayo mwenyewe!"

Haukupita muda, Mama Paa akawa anamwoza binti yake. Kasuku akawahi kabla Kurumbiza hajafika. Akajikalisha mkekani, akatunisha kifua: "Poleni, wafiwa! Aliyeondoka harudi! Lieni, machozi ni haki yenu!"

Ngoma zikanyamaza. Bibi harusi akaangua kilio. Mama Paa akamkamata Kasuku bawa. "We Kasuku! Kafa nani?"

Kasuku akafungua mdomo, yakamtoka yaleyale:

"We Kasuku! Kafa nani?"

"Nakuuliza wewe!"

"Nakuuliza wewe!"

"Toka kwangu!"

"Toka kwangu!"

Wakamtoa kwa mafagio. Kurumbiza alipofika, akapewa mkeka na sinia lake. Kasuku aliyaona yote kutoka mtini. Wivu ulimtafuna vilevile, ila sasa hata neno lake mwenyewe la kulalamikia hakuwa nalo.

Mwenye wivu huiba kinachosikika, akakiacha chenye kazi. Waingereza nao ndege huyu humwita parrot, na jina hilohilo wamelifanya kitenzi: kurudia maneno ya mwenzio bila kuyaelewa. Mwanafunzi akikariri asichokijua, ndilo analosemewa. Msiniulize zaidi, Kiingereza changu nami nilikisikia nikiwa majanini.

Ngano imetoka nzima. Atakayeirudia, aielewe kwanza!