Tangi la Kilimani na Jina la Mtoto

Hapo zamani, mji wa Mabungo ulikuwa na kiu mpaka vyura wakasahau kuogelea. Serikali ikatoa fedha, likajengwa tangi kilimani, juu kidogo ya wodi ya wazazi. Lo, tangi! Mwezi ukitaka kupita, lazima uombe njia. Mnacheka? Mlikuwepo?

Mkandarasi Kisalu akapunja saruji, akanunua lori jipya. Fundi Mshamu akaona, akanyamaza, asikose kibarua. Mkaguzi Mlekwa akala beberu mzima wa Kisalu, mpaka kwato, akalipitisha tangi likiwa kavu.

Siku ya kujaza maji, Nyanzobe, mke wa Mlekwa, akashikwa na uchungu. Akalazwa wapi? Wodi ileile.

Mlekwa nje, macho kilimani. Jasho lake lingejaza tangi la pili. Mara Mshamu huyo anateremka, anagonga debe: "Ukuta unapasuka! Tokeni!"

Mlekwa akamvaa nesi. "Dada, watoe kina mama!"

"Nimtoe mzazi juani kwa kelele za debe? Tangi limekaguliwa. Si umelipitisha mwenyewe, shemeji?"

Yule beberu akalia tumboni, meee! Watu wote wanamtazama Mlekwa. Akisema, kazi hana, jela anayo. Ndani, Nyanzobe akapiga ukelele.

"Sikulikagua!" akabwata. "Nilikula mbuzi!"

Nesi akasonya, machela zikatoka mbio.

Kule juu, Kisalu akalipandisha lori lake, akaliegemeza ukutani, akaruka. Ukuta ukasita. Mama wa mwisho alipovuka barabara tu, lori likabondwa likawa chuma cha kuchomea chapati, na maji yakaisomba wodi pamoja na vitanda vyake.

Mtoto akazaliwa nyuma ya banda la mkaa, analia kushinda radi. Nyanzobe akasema, "Mwanangu atabeba jina la aliyemwokoa. Haya, semeni."

"Bila debe langu mngekuwa matope," akasema Mshamu.

"Ungeligonga siku ya kuchanganya saruji!" Kisalu akamcheka. "Mimi nimetoa lori langu."

"Lako? Lile ni saruji yetu yenye magurudumu!" akafoka nesi.

Mlekwa akasema polepole, "Mimi nimejichongea mbele ya mji mzima. Kesho wananifuata."

Nyanzobe akamtazama, akamtazama. "Na beberu mzima, mume wangu, hata mfupa hukuniletea."

Haya, mahakimu wangu mliokunja nne, mtoto analia na jina hana. Wote watatu walimtia hatarini, wote watatu walimtoa. Je, nani alistahili?