Kopo la Nyota Moja

Ndugu zangu, leo naomba twende mlimani. Msicheke. Najua mnaliona tumbo hili, nami naliona kila asubuhi kabla sijaviona viatu vyangu. Tutapanda kwa maneno. Maneno hayahitaji magoti.

Kuna mchezo ambao mara ya kwanza niliuona ugenini, nilipoalikwa kwenye mkutano. Nilitoka asubuhi kunyoosha miguu, nikakuta bustanini watu wazima, na mvi zao kichwani, wameinama wanapapasa chini ya madaraja na kwenye mashimo ya miti. Nikasema, maskini, wamepoteza funguo. Kwa ile huruma ya kwetu nikavua koti, nikaingia kichakani kuwasaidia. Nikatafuta funguo mpaka chai ya asubuhi ikanipita. Kumbe hakuna aliyepoteza kitu. Walikuwa wanatafuta kopo.

Ndiyo, kopo. Mtu anachukua kopo lenye mfuniko, anatia karatasi ya kuandikia majina na vijizawadi kidogo, shanga, kifungo kizuri, vitu vya namna hiyo. Anakwenda kulificha mahali, kisha anaweka alama ya mahali hapo kwenye simu ili wenzake wafuate. Atakayelipata anaandika jina lake, anachukua kijizawadi, anaacha kingine, analirudisha palepale. Na aliyeficha ana wajibu mmoja mkubwa: aseme ukweli kuhusu njia. Anausema kwa nyota. Nyota moja maana yake njia ni laini, hata mwenye mkongojo atafika. Nyota tano maana yake beba kamba, na nyumbani uage vizuri. Hakuna anayetumwa kumkagua. Nyota anaziweka mwenyewe, na watu wanamwamini, wanafunga viatu na kutoka.

Mmenisikia hapo? Wanamwamini.

Basi, kulikuwa na bwana mmoja muuza magodoro katika mji mdogo ulio chini ya mlima. Mchezo huu ulipofika mjini kwao aliupenda kuliko duka. Akaficha kopo lake la kwanza juu kabisa, chini ya jiwe lililo karibu na mnara wa simu, na mwanzo wa njia akauonyesha kule chini, nyuma ya soko. Nyota? Akaweka moja. Akaongeza na maneno ya madaha: "Matembezi ya baada ya chai."

Haikupita wiki, malalamiko yakaanza. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi akaandika: "Ndugu mfichaji, katikati ya njia kuna mwamba umesimama kama ukuta wa gereza. Hiyo nyota moja umeiokota wapi?"

Bwana wetu, kajilaza juu ya magodoro yake dukani, akajibu: "Pole, mwalimu. Chaki imekulegeza."

Watu wakacheka. Akaja dereva wa bodaboda: "Kaka, suruali yangu imebaki mlimani. Mimi nimerudi na kanga ya kuazima."

Akajibiwa: "Njoo dukani, nina godoro zuri la kulalia aibu."

Watu wakacheka tena. Na kicheko cha watu, ndugu zangu, ni asali ya porini: ukishalamba mara mbili, hukumbuki tena nyuki. Yule bwana akafika mahali anayangoja malalamiko. Akiamka, kabla ya kunawa uso, anafungua simu aone nani leo kaanguka, apate la kusema. Aliyelalamika akawa mchekeshaji wa bure. Njia yenyewe hakuna aliyeiuliza tena.

Mpaka siku moja likaja lalamiko la mama mmoja muuza chapati pale sokoni, mtu mzima, mpole, aliyejifunza mchezo huu kwa wateja wake. Aliandika hivi: "Habari za kazi, mwanangu. Nililifuata kopo lako. Pale mwambani niliteleza kidogo, nikarudi. Sikuombi ulishushe. Liache hukohuko juu. Ila weka nyota zake za kweli, ili mwingine ajue kabla hajatoka kwake."

Niwaulize: hapo kuna tusi? Kuna uvivu hapo? Hakusema mlima uondolewe. Aliomba ukweli tu, tena aliuomba kwa ajili ya mtu mwingine ambaye bado hajaanguka.

Yule bwana aliposoma, akainuka akaketi wima juu ya magodoro. Maana kulikuwa na jambo moja kuhusu safari yake ya mlimani ambalo hakuwahi kumwambia mtu, na maneno ya yule mama yalipita karibu nalo mno. Angeweza kunyamaza. Angeweza kuongeza nyota, ni kazi ya kidole kimoja. Lakini wenzake walikuwa wanangoja wacheke. Akaandika: "Mama, kopo halikufichwa jikoni."

Lo! Siku hiyo walicheka mpaka wasioujua mchezo. Sokoni watu wakawa wanaambiana, "Halikufichwa jikoni!" huku wanapigana vibega.

Jibu la mama likachelewa, kisha likaja: "Sawa, mwanangu. Basi Jumamosi utuongoze wewe mwenyewe. Sisi tutakanyaga unapokanyaga."

Watu wakadakia: Jumamosi! Jumamosi! Bwana wetu angekataaje? Mwenye nyota moja atasemaje anaumwa? Akajipa moyo: kwani mwamba ni nini? Jiwe tu. Mbuzi wanapita.

Jumamosi asubuhi akafika nyuma ya soko na viatu vipya vya kupandia milima, kamba zake bado nyeupe kama meno ya tangazo. Kikundi kilikuwa kimejaa, mwalimu yupo, dereva yupo na suruali nyingine. Akasalimia kulia na kushoto, akatania mpaka akamfikia yule mama. Hapo utani ukamkauka. Mkono wa kulia wa mama ulikuwa umefungwa bandeji ngumu ya hospitali, umening'inizwa shingoni kwa kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Viatu vizuri."

"Mkono tena... umepatwa na nini?"

Mama akatabasamu, wala si kwa kejeli.

"Si kitu. Niliumia jikoni."

Ndugu zangu, hakuna aliyecheka. Wale wale waliopigana vibega wakaanza kukagua kamba za viatu vyao. Kwa maana wote walijua huo ndio mkono wa kukandia unga, na wote walikuwa wamekwisha kuona meko yake sokoni yamepoa, wasijiulize kwa nini. Aliandika "niliteleza kidogo." Kidogo chake ndicho hicho.

Wakapanda. Mwanzo njia ilikuwa ya mbuzi, pana, na bwana wetu alitangulia mbele akipiga domo la mtu anayeogopa kimya. Kisha wakakata kona, na mwamba ukawasimamia. Ulikuwa na unyevu wa ukungu, na chini yake mawe yamelala makali. Bwana akasimama. Akautazama kutoka chini kwenda juu, polepole, kama mtu anayesomewa hukumu.

"Huwa unapitia upande gani?" mwalimu akauliza.

"Hapa hapa," akasema.

Akapiga moyo konde, akaanza. Mguu mmoja, mkono, mguu wa pili. Alipofika katikati akakwama. Juu hakufikii, chini hakuoni. Tumbo limebandikwa mwambani, mguu wa kushoto unatetemeka kama cherehani. Na hapo alipokuwa ananing'inia, mlinzi wa mnara, aliyeshuka kufuata sauti za watu, akachungulia kutoka juu ukingoni. Alikuwa mtu mchangamfu, hana ubaya na mtu. Akamtazama yule bwana, uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Aah! Si yule bwana wa ndala! Karibu sana! Mbona leo unapitia huko? Lori la shemeji limeharibika?"

Ndilo jambo lenyewe, ndugu zangu. Kwa upande wa pili wa mlima kuna barabara ya magari ya mnara, ina geti, na mtu wa kawaida haruhusiwi. Shemeji yake hupeleka mafuta ya jenereta kule juu. Siku ya kuficha kopo bwana wetu alipanda akiwa amekaa kiti cha mbele, anakula karanga. Akashuka na ndala zake, akatembea kidogo, akasukuma kopo chini ya jiwe, akachungulia bondeni. Akaiona njia ya kule chini imelala kama mshipi kitandani, nyepesi, nzuri. Ukiwa juu, mlima wote ni tambarare. Akaweka nyota moja. Njia aliyowapangia wenzake hakuwahi kuikanyaga hata hatua moja.

Angechekwa, ingekuwa nafuu; kicheko alikizoea. Lakini watu hawakucheka. Walimwangalia mgongoni, naye alilijua kila jicho mahali lilipotua. Kama angeweza, angejificha, lakini utajifichia wapi ukiwa umebandikwa ukutani kama kalenda?

Ndipo ikaja sauti ya yule mama, pale chini, karibu kabisa na mawe.

"Mwanangu, usitazame chini. Mguu wa kushoto, shusha kidogo. Hapana, siyo hapo, hapo ndipo mimi nilipotelezea. Sogeza kulia. Ehee. Kanyaga."

"Mama, nisamehe."

"Shusha tumbo kwanza. Hayo mengine tutaongea chini."

Bwana aliposhuka mpaka akafikika, kwa mkono mmoja ulio mzima mama akaushika mguu wake, akaukalisha penye ufa. Hatua kwa hatua akamteremsha. Aliyeanguka ndiye aliyejua pa kukanyaga. Bwana alipogusa ardhi akakaa na viatu vyake vipya, akashindwa kuinua uso. Mama hakumhubiria. Alisema neno moja tu: "Nyota."

Akatoa simu mbele ya wote. Akaweka nyota nne. Kisha chini yake, pale palipoandikwa matembezi ya baada ya chai, akafuta, akaandika: "Kuna mwamba mbaya. Umemvunja mtu mkono. Mimi mwenyewe nilipanda kwa lori." Sentensi ile ya mwisho, nawaambieni, ilimtoa jasho kuliko mwamba.

Jumatatu asubuhi waliokwenda sokoni walimkuta muuza magodoro kwenye meko ya yule mama, amejifunga kanga kiunoni, anakanda unga, mama amekaa kando anaelekeza: "Ongeza maji. Hilo siyo godoro, mwanangu." Chapati za siku ile zilikuwa kama soli. Wateja wakalalamika, wa kwanza akiwa mwalimu. Na yule bwana, aliyekuwa na jibu la kila mtu, akajibu kwa sauti ndogo: "Kweli, mwalimu. Ni ngumu. Pole."

Sasa, ndugu zangu, tushuke mlimani, maana safari yenyewe ilikuwa ya humu ndani.

Sisi ni waweka nyota. Nani kati yetu hajawahi kumwambia mjane, "Kaza moyo, mama, mbona miezi imepita," na usiku huohuo akarudi kulala na mwenzake? Nani hajamwambia mlevi, "Si uache tu"? Tunamwambia binti aliyerudi kwao na mtoto mgongoni kwamba njia ilikuwa imenyooka, aliipotezaje? Kusamehe, nyota moja. Kuvumilia, nyota moja. Na mtu akisema, "Ndugu, mimi pale niliteleza," tunatafuta neno la kuchekesha. Tunamwambia imani yake ndogo. Hatumwulizi mkono wake uko wapi.

Na sisi tulifikaje hapa tulipo? Tulitembea? Mmoja alibebwa na sala za bibi yake tangu hajajua kusema. Mwingine hakuwahi kulala njaa. Mwingine hajawahi kulijaribu lile analomhukumia jirani, kwa sababu halikupita kwake. Kiti cha mbele, ndugu zangu, na karanga mkononi. Kupewa lori si dhambi, mshukuru aliyekupakia. Dhambi ni kushuka pale juu, ukafuta vumbi la ndala, ukamwandikia anayepanda kwa magoti kwamba njia ni nyepesi.

Katika benchi unalokalia leo yuko mtu mwenye mkono ndani ya kanga. Aliposalimiwa mlangoni alisema, "Salama tu." Aliteleza kidogo.

Na kule juu ukingoni yuko Mmoja anayetuona wote, anayekumbuka kila mtu alikujaje. Akichungulia asubuhi hii akaita, "We bwana wa ndala!" tusigeuke nyuma kutazama anaitwa nani.

Mimi nakaa. Na nikipita kurudi kitini, nawaomba, msitazame miguu yangu.