Uduvi Aliyempa Mgeni Mgongo

Paukwa!
Pakawa!

Sogeeni. Na wewe unayesinzia, amka, hii si hadithi ya kulalia.

Hapo zamani za kale, chini ya bahari, chini kabisa kusikofika jua, palikuwa na dohani ya mawe. Ilitoa maji ya moto, fo! fo! fo! Maji meusi, yananuka kiberiti. Kando yake waliishi uduvi, maelfu kwa maelfu.

Uduvi hao hawakuwa na macho usoni. Macho yao yalikuwa mgongoni. Msicheke. Kwa macho hayo waliona kitu kimoja tu, mng'ao hafifu wa dohani. Sharubu zilinusa chakula, zikasema, "Nenda." Mgongo uliona moto, ukasema, "Basi, usiende zaidi." Aliyekaa mbali alikufa njaa. Aliyekaribia mno aliiva.

Kwa hiyo kwao, kumpa mtu mgongo ilikuwa adabu. Kwetu ni tusi, kwao ni shikamoo.

Walikuwako ndugu wawili, Mwanaheri na mdogo wake Kibibi. Mama yao alikufa, Mwanaheri akamlea mdogo wake. Alimpenda sana. Ila alipenda pia kusifiwa na majirani.

Siku moja akashuka mgeni kutoka juu. Mkubwa, wa chuma, nguuu, na taa mbili kali. Akatua upande wa pili wa dohani. Mwanaheri alikuwa akila kwenye kivuli cha dohani. Kibibi akajibanza chini ya jiwe.

"Dada, naogopa."

"Unaogopa nini? Ni mgeni huyo."

"Mwanga wake unaniuma mgongo."

"Majirani watasema sikukufunza. Toka, kampe mgeni mgongo."

"Twende wote, dada."

"Tangulia. Nikiondoka hapa nitanyang'anywa nafasi. Namaliza tonge hili, nakuja."

Kibibi akatoka. Akazunguka dohani, akafika mbele ya taa, akageuka. Akampa mgeni mgongo wake wote, kwa heshima, kama alivyofunzwa. Akakaa hivyo hivyo mpaka mgeni akaondoka. Mgeni hakuwa na ubaya. Alikuja kutazama tu, wala hakujua kwamba anasalimiwa.

Kisha Kibibi akaita, "Dada, dohani imezimika?"

Mwanaheri akatazama. Dohani inang'aa vilevile. Tonge likamwanguka.

"Haijazimika, mdogo wangu. Nakuja!"

Akajipenyeza kwenye umati. "Nipisheni! Nipisheni! Kibibi, nakuja!"

Kibibi alikuwa haoni tena, lakini sauti ya dada yake aliijua. Akaifuata, tepe, tepe, tepe. Na kati yao ilikuwapo dohani.

Tsss.

Mwanaheri alipofika, hakumkuta. Alimkuta Kaa, jirani yao.

"Nani alimtuma mtoto huyu kwenye mwanga?" Kaa akauliza.

"Mimi," akasema Mwanaheri. "Aliniambia anaogopa. Mimi nikawaza majirani."

Akalia. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo. Mtoto akisema anaogopa, msikilize kwanza. Salamu zinaweza kungoja.

Hadithi yangu imeishia hapo, na laiti ingeishia pengine.